Ng'ombe wa Nyanza, tembo wa Mysore au farasi wa Vienna: uanzie wapi kumwona mnyama wa kifalme

Anayetaka kuona kwa macho yake jinsi mnyama alivyobeba ufalme ana mahali patatu ambapo jambo hilo halijageuka picha ya ukutani. Rukari, mjini Nyanza, kusini mwa Rwanda, wako ng'ombe wa inyambo. Mysore, ambayo jina lake rasmi sasa ni Mysuru, katika jimbo la Karnataka nchini India, wako tembo wa Dasara, sikukuu ya kifalme ya huko. Vienna, Austria, wako farasi weupe wa Lipizzaner. Makumbusho yenye ngozi za chui na viti vya pembe ni mengi duniani. Hapa mnyama yu hai, mlezi wake yu hai, na kazi aliyowekewa kasrini bado inafanyika mbele ya mtazamaji.

Kwa anayeuliza jibu la haraka: Nyanza kwanza, Mysore pili, Vienna tatu. Tunaipanga hivyo kwa sababu mnyama wa kifalme haeleweki kwa kumtazama yeye peke yake. Mtazame anayemshika, kisha uulize mtu huyo alikuwa na deni gani kwa mfalme. Nyanza unaweza kuuliza swali hilo kwa Kiswahili, lugha iliyofanywa rasmi Rwanda mwaka 2017, ukajibiwa papo hapo. Mysore utalijibu mwenyewe kwa kutazama siku kadhaa. Vienna utaona ufundi safi kuliko kwingine kote, lakini utauona ukiwa umekaa kitini, kimya, mbali na mkono wa mfunzi.

Alitoka wapi mnyama huyo?

Hili ndilo la kulinganisha kabla ya nauli na hoteli, maana ndilo linaloamua utaona nini.

Tembo wa mfalme hakuzaliwa zizini. Mimba yake huchukua miezi kati ya 18 na 22, na ndama hafai kazi nzito mpaka akaribie miaka 20. Kumlisha mnyama mkubwa hivyo miaka yote hiyo bila kumtumia ni hasara ambayo hazina ya mfalme haikuitaka. Basi wafalme wa India waliuachia msitu kazi ya kulea, wakaenda kumkamata tembo akiwa ameshakua. Arthashastra, kitabu cha kale cha utawala kinachohusishwa na Kautilya, kinataja miaka 20 kuwa umri wa kumkamata, kinakataza kuchukua ndama na majike yanayonyonyesha, na kinaagiza anayeua tembo naye auawe. Ukiwa na tembo, basi, huna budi kuwa na msitu unaoulinda na watu wa msituni wanaokutumikia. Mysore waliwakamata kwa khedda: kundi zima linaswagwa kwa ngoma na moto mpaka liingie kwenye boma la magogo, kisha tembo waliokwisha kufugwa wanaingia kuwatuliza wenzao. Khedda ya mwisho huko ilifanyika mwaka 1971.

Farasi wa Vienna kinyume chake ni mnyama wa daftari. Shamba la kuwazalishia lilianzishwa mwaka 1580 huko Lipica, ambako leo ni Slovenia, na tangu 1920 shamba la Austria liko Piber, katika jimbo la Styria. Koo za madume ni sita: Pluto, Conversano, Neapolitano, Favory, Maestoso na Siglavy. Kila dume huitwa kwa jina la ukoo wa baba likifuatiwa na jina la mama yake, kwa hiyo kibao cha mlangoni kinakusomea nasaba kabla hujamwona mwenyewe.

Inyambo yuko karibu zaidi na watu kuliko hao wawili. Ni tawi la ng'ombe wenye pembe ndefu wanaojulikana Uganda kama wa Ankole, ila amechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa urefu wa pembe, rangi na mwendo. Maziwa yake si mengi, na wala hakuchaguliwa kwa maziwa. Ng'ombe wa kawaida, inkuku, alikuwa wa kila mwenye mali. Inyambo alikuwa wa mwami, yaani mfalme wa Rwanda, na aliyekabidhiwa kuwachunga aliwachunga kwa niaba yake.

Nyanza: mnyama aliyefunga watu

Kabla ya mwaka 1899 kasri la Rwanda lilikuwa likihamahama. Mwaka huo Mwami Yuhi V Musinga alitulia Nyanza. Leo Rukari utakuta nyumba mbili za aina mbili. Ya kwanza ni kasri la nyasi lililojengwa upya kwa mtindo wa zamani, la duara, kubwa kuliko msonge wowote uliozoea kuuona. Ya pili ni ikulu ya matofali ya Mutara III Rudahigwa, ya miaka ya 1930. Wengi huvutwa na ya pili kwa sababu ina samani na picha. Usifanye haraka kuiendea.

Zunguka kwanza nyuma ya kasri la nyasi, kwenye vibanda viwili vidogo: cha pombe na cha maziwa. Cha maziwa kilisimamiwa na msichana ambaye hajaolewa, na vyombo vyake vilipangwa juu ya uruhimbi, jukwaa dogo la maziwa. Shika akilini icyansi, chombo cha maziwa cha mti chenye kifuniko cha ususi kilichochongoka juu. Hicho ndicho chombo kinachoeleza utawala wa Rwanda kuliko kiti cha enzi. Amri ya mwami ilishuka hadi kijijini kwa njia ya ng'ombe: mwenye nguvu, shebuja, alimpa mtu aliye chini yake, umugaragu, ng'ombe wa kutumia. Maziwa na madume vilimfaa aliyepewa, lakini ng'ombe mwenyewe aliendelea kuhesabiwa kuwa wa aliyempa, na angeweza kunyang'anywa. Kwa hiyo ng'ombe mmoja zizini alimaanisha kazi ya shambani, ulinzi safarini na utii wa miaka. Mfumo huo uliitwa ubuhake, na Rudahigwa aliufuta mwaka 1954. Ng'ombe waligawanywa, malisho yakabaki kwa wakubwa, na mwenye ng'ombe asiye na malisho akajikuta bado anaomba. Usimwache mwongoza wageni alipite jambo hili kwa sentensi moja. Muulize malisho yalikuwa ya nani.

Ndipo uende kwa inyambo wenyewe. Wachungaji hawawasukumi. Wanaimba amahamba, nyimbo za kusifu ng'ombe, kwa sauti ya chini isiyokatika, na ng'ombe anakuja taratibu, kichwa kimenyooka kwa sababu ya uzito wa pembe. Kila mmoja ana jina, na kuna utanzu mzima wa ushairi, amazina y'inka, wa kuwasifu. Tazama mkono wa mchungaji: anaupitisha shingoni huku anaimba, naye ng'ombe anafumba macho. Kisha kumbuka jinsi wanawake wa Rwanda wanavyocheza ngoma mikono ikiwa juu imepinda. Mikono ile ni pembe hizi.

Mambo ya kuangalia. Simama ubavuni, usawa wa bega, usisimame mbele ya kichwa. Inyambo ni mpole, lakini akitikisa kichwa kufukuza nzi, ncha ya pembe inafagia zaidi ya mita moja, na anayepiga picha ya karibu ndiye rahisi kupigwa. Usiende asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa ni umuganda na shughuli nyingi husimama hadi saa tano. Epuka tarehe 7 Aprili na siku zinazofuata, ambazo ni za kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya 1994. Mwaka huo ng'ombe wengi waliangamizwa pamoja na wenyewe, na kundi unaloliona Rukari ni kazi ya kujenga upya. Ukijua hilo hutauliza kwa nini kundi ni dogo.

Kutoka Kigali ni kilomita 90 hivi, kama saa mbili kwa basi kutoka kituo cha Nyabugogo, halafu pikipiki fupi hadi Rukari. Kofia ya abiria ni lazima kisheria. Ukiwa na nusu siku ya ziada, kilima cha Mwima kiko jirani. Hapo amezikwa Rudahigwa, na tangu Januari 2017 Kigeli V, mwami wa mwisho, aliyefia ughaibuni.

Jirani mmoja wa kulinganisha naye, kwa anayekaa Uganda: ufalme wa Nkore ulikuwa na ngoma iitwayo Bagyendanwa, na ngoma hiyo ilimiliki ng'ombe wake yenyewe. Waliotawala wakafa, ngoma ikabaki na kundi lake.

Mysore: mnyama aliyeonyeshwa

Dasara ni sikukuu ya siku kumi, kati ya Septemba na Oktoba kufuatana na kalenda ya mwezi. Desturi ya Mysore inaanzia kwa Raja Wadiyar I, mwaka 1610, huko Srirangapatna. Kilele ni maandamano ya siku ya kumi, Jamboo Savari: tembo wanatoka kasri la Amba Vilas na kwenda Bannimantap, kilomita 5 hivi. Tembo kiongozi anabeba ambari. (Si ambari ile ya pwani, ya manukato ya nyangumi, hii ni kiti chenye kuba, cha mbao iliyovikwa dhahabu.) Uzito wake ni kilo 750. Zamani aliyeketi ndani alikuwa maharaja. Baada ya wafalme wa India kuondolewa posho na vyeo vyao mwaka 1971, sikukuu ikawa ya serikali ya jimbo, na ndani ya ambari sasa hukaa sanamu ya mungu wa kike Chamundeshwari. Tembo yule yule, kiti kile kile, njia ile ile. Aliyebadilika ni abiria.

Hapa ndipo tunapowashauri watu tofauti na wanavyoshauriwa na wengi. Usipange safari yako yote kwa ajili ya siku ya kumi. Panga ufike siku kumi au kumi na tano kabla yake.

Sababu ni hii. Tembo huletwa mjini miezi miwili hivi kabla, kutoka kambi za msituni kama Dubare na Mathigodu. Wakifika hupimwa kwenye mizani ya malori, na kiongozi mkubwa hupita kilo 5,000. Kisha kila asubuhi na jioni hutembezwa njia nzima ya maandamano bila umati na bila mapambo. Mwanzo mgongo mtupu. Halafu mifuko ya mchanga, ikiongezwa kidogo kidogo mpaka ikaribie uzito wa ambari. Halafu ambari ya mbao ya mazoezi. Tembo hashindwi na mkonga wake, lakini kilo 750 zilizokaa vibaya zinamshinda: mzigo hautakiwi kugusa uti wa mgongo. Godoro nene la magunia na nyasi linalazwa kwanza ili uzito uegemee mbavu za pande zote mbili, ndipo kamba zinapitishwa chini ya tumbo na chini ya mkia. Kamba ya upande mmoja ikilegea, kiti kinaelemea huko, godoro linasugua, na ngozi inachubuka kabla ya nusu ya njia. Kwenye mazoezi utawaona wachungaji wakisimama, wakishuka na kufunga upya. Siku yenyewe hutaona hata fundo moja kwa sababu ya vitambaa na watu.

Mazoezi mengine ni ya mizinga. Siku ya kumi hupigwa mizinga 21, na tembo asiyezoea mlio huo ni hatari kwa maelfu. Kwa hiyo wanasimamishwa mbele ya mizinga siku kadhaa kabla, kwanza mbali, baadaye karibu, na asiyetulia hapangwi. Vilevile hapangwi dume aliyeingia kwenye masti, hali ya dume kupandwa na hamaki huku umajimaji ukimtoka pembeni mwa kichwa, kati ya jicho na sikio. Majike mawili hutembea ubavuni mwa kiongozi ili kumtuliza. Chakula cha msimu huo si majani peke yake: hupikiwa dengu na wali, wakaongezewa mboga, sukari guru, nazi, karanga, samli na miwa.

Tusifiche upande wa pili. Hawa ni tembo waliofugwa kwa minyororo, na wengi walikamatwa porini. Arjuna, aliyebeba ambari mara nane kuanzia 2012 hadi 2019, alistaafishwa baada ya kuvuka miaka 60; Desemba 2023 aliuawa na dume la porini wilayani Hassan, akiwa katika kazi ya kukamata tembo. Mwaka 2020 nafasi yake ilichukuliwa na Abhimanyu. Msomaji asiyevumilia kuona mnyama akifungwa mguu aijue hali hii kabla ya kukata tiketi.

Kwa siku ya maandamano: tiketi za viti vya ndani ya kasri zinakupa mwanzo tu, saa ya ambari kutoka. Barabarani ni bure, lakini watu hushika nafasi tangu asubuhi, na saa ya kuanza hutegemea wakati wa baraka unaotangazwa kila mwaka, kwa kawaida alasiri. Chukua maji, kofia, na nafasi yenye njia ya kutokea nyuma yako. Kasri lenyewe, lililokamilika 1912 baada ya lile la mbao kuungua 1897, huwashwa taa karibu laki moja jioni za sikukuu. Litazame, lakini lisikulie siku ya mazoezi.

Vienna: mnyama aliyefundishwa

Hapa maelezo yanaweza kuwa mafupi, kwa sababu mahali penyewe pamepangwa na hapapotezi mtu. Shule ya Kihispania ya Upandaji iko ndani ya Hofburg, kasri la ukoo wa Habsburg. Ukumbi wake ulijengwa kati ya 1729 na 1735, una urefu wa mita 55 na upana wa mita 18, mweupe wote. Wapanda farasi wakiingia huvua kofia mbele ya picha ya Mfalme Mkuu Karl VI, aliyeujenga. Dola imekufa tangu 1918, na kofia bado zinavuliwa.

Farasi huzaliwa mweusi au kahawia, akageuka mweupe kati ya miaka 6 na 10. Mafunzo ya dume huanza akiwa na miaka 4 hivi na huchukua kama miaka 6. Mpandaji mwenyewe hufundishwa miaka mingi zaidi ya hiyo, na anaanza kwa kujifunza juu ya farasi aliyekwisha kufundwa. Kuna mikao mitatu ya kuitafuta. Levade: farasi anakaa juu ya miguu ya nyuma iliyopinda, kifua kimeinuka kwa pembe ndogo kuliko nyuzi 45, ametulia tuli. Courbette: anarukaruka kwa miguu ya nyuma bila kugusisha ya mbele. Capriole: anaruka miguu yote minne hewani na kupiga teke la nyuma akiwa juu kabisa. Si kila dume anafundishwa yote. Hupewa ule aliouonyesha mwenyewe. Mkao wa kwanza ni mgumu, ingawa unaonekana rahisi, maana anayeinuka juu sana anakuwa amekwepa kazi ya mapaja. Baada ya zoezi zuri, mkono wa mpandaji unarudi nyuma kwenye mfuko wa koti na kutoka na kipande cha sukari. Usikose kuutazama mkono huo.

Kuna tiketi za maonyesho kamili na tiketi za mazoezi ya asubuhi. Za asubuhi ni nafuu, lakini huhakikishiwi kuona capriole. Picha na video ni marufuku. Anayetaka kumkaribia mnyama aende Piber, majira ya kuchipua, ambako watoto weusi wa farasi wanakimbia na mama zao weupe.

Farasi huyu alitumika kuonyesha kwamba mtawala anatawala mwili wake kwanza. Januari 1743 Maria Theresa, binti na mrithi wa Karl VI, aliingia ukumbini humo na mabibi wa kasri, wengine juu ya farasi na wengine kwenye magari ya farasi, kusherehekea kurudishwa kwa mji wa Prague. Kwa mwanamke aliyekuwa anapiganiwa urithi wake, maonyesho hayo yalikuwa siasa tupu.

Hesabu na vizuizi

Rwanda: raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hahitaji kulipia viza. Siku moja inatosha, mbili ni raha.

India: viza ya mtandaoni ipo kwa Wakenya na Watanzania. Kinachowakwamisha watu ni cheti cha homa ya manjano. Anayetoka nchi kama Kenya au Uganda lazima awe amechanjwa siku 10 kabla ya kuingia. Bila cheti anaweza kuzuiwa karantini hadi siku 6, na mazoezi ya tembo yatapita ukiwa humo. Kutoka Bengaluru hadi Mysore ni kilomita 145 hivi, kwa treni au basi. Weka siku 5 kwa uchache, na hoteli uipate miezi kadhaa mapema.

Austria: viza ya Schengen, ndiyo kizuizi kikubwa kuliko nauli. Kwa ndugu walioko Ujerumani au Italia hesabu inageuka kabisa: kwao Vienna ni safari ya treni, na wangeanzia hapo kisha wapitie Lipica.

Mwalimu anayepeleka wanafunzi asifikirie mara mbili, aende Nyanza. Atapata historia, ushairi na uchumi katika zizi moja. Mpiga picha aende Mysore wiki mbili kabla ya kilele, asubuhi, mwanga bado ni wa manjano. Mfugaji au mtu wa farasi aende Piber kabla ya Vienna. Na anayekaa Mombasa au Lamu asiye na nafasi ya kusafiri mbali anaweza kuanza na siwa ya Pate, baragumu iliyochongwa kwa pembe ya ndovu: huku kwetu mtawala hakufuga tembo, alipuliza pembe yake, na mji ukajua kuna jambo.

Ukifika Rukari, salimia wachungaji kwa "Amashyo", yaani uwe na makundi ya ng'ombe. Jibu ni "Amashongore", yawe ya majike. Ukilisikia, omba wimbo uanze tena kutoka mwanzo. Kwa kawaida hawakatai.